Mkizi Kwenye Mawe ya Thamesmead

Raïssa alipohamia Birmingham kwa ajili ya kazi, mwaka 2003, mama yake Sidonie alibaki peke yake katika fleti yao ya Thamesmead, na kitu cha kwanza alichogundua ni kwamba friji lilikuwa na sauti. Miaka yote hakuwahi kulisikia. Raïssa alikuwa mtoto wa kelele: redio, simu, milango. Sasa friji lilinguruma, likanyamaza, likanguruma tena, na Sidonie, akiwa mezani na chai yake, alijikuta analingoja lianze.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Uvira, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Aliingia London mwaka 1998 na binti yake, baada ya vita kumchukua mumewe Norbert. Kumchukua ndilo neno alilolitumia, kwa sababu hakuwa na jingine. Norbert alitoka asubuhi moja kwenda kumtafutia mama yake dawa, akaazima baiskeli ya jirani, na hakurudi. Baiskeli nayo haikuonekana. Watu walisema hivi, wengine wakasema vile, lakini hakuna aliyekuja kumwambia kwamba alimwona kwa macho yake.

Sidonie alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaogesha, akawavalisha, akawalisha, na alipendwa kwa sababu hakuwa na haraka. Jumapili alikwenda kanisani Woolwich, ambako Wakongomani wenzake walimkumbatia, wakamwuliza habari za Raïssa, kisha kila mmoja akaondoka na watu wake. Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko, na ndiyo siku aliyoiogopa.

Jumatano moja ya mwezi wa Juni aliona heri atembee kuliko kukaa. Akafuata njia ya miguu iliyo kando ya Mto Thames. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Chini ya ukuta kulikuwa na mawe makubwa yaliyorundikwa kuzuia mto usile ukingo, na mawe hayo yalikuwa yameota mwani laini wa kijani, mrefu kama nywele. Sidonie alisimama kupumzika, akatazama chini, akaona mgongo wa samaki.

Alikuwa samaki mnene, wa kijivu, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Alikuwa anachunga mwani ule kama mbuzi: anauvuta kwa midomo, anageuka kidogo, anauvuta tena. Nyuma yake walikuwapo wengine. Sidonie aliuza samaki ujana wake wote, dagaa waitwao ndagala kwa kopo na samaki waitwao mikeke kwa mafungu, sokoni Uvira. Alimjua samaki aliyelala kwenye sinia, akajua kumtazama jicho na kumwinua shavu. Lakini hakuwahi kumwona samaki akila. Alisimama pale mpaka maji yakapanda na kuyafunika mawe, na alipogeuka kurudi nyumbani aliona kwamba mchana wote umekwisha.

Wiki ile ile alikwenda kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Mwenye duka, Mwingereza mzee, alimsikiliza akieleza, akamwambia huyo anaitwa mullet. Watu wa pwani kwetu humwita mkizi. Sidonie, mtu wa ziwani, hakumjua. Mzee akamshauri asianze na huyo. Mdomo wake ni laini mno, alisema, ukivuta kwa nguvu unachanika. Na tena ni mwoga, kivuli chako tu kinamfukuza. Kuna wanaume waliovua miaka mingi hawajawahi kumpata. Aanze na samaki wengine, wapo wajinga wa kutosha mtoni. Sidonie akasema, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba anamtaka huyo huyo.

Basi mzee akamchagulia ufito mrefu mwepesi, mshipi mwembamba, ndoana ndogo ndogo, na vyelezo vyembamba vya kusimama wima juu ya maji. Akamwonyesha jinsi ya kuzungushia mwani kwenye ndoana, maana mkizi aliyezoea mwani huukimbia mkate. Akamwambia chelezo kikizama asivute hapo hapo. Atulie kidogo, amwache samaki ameze, kisha ainue ufito polepole kama mtu anayeinua kifuniko cha sufuria. Mwisho akamwuzia viatu vyenye vyuma kwenye soli, kwa sababu mawe yale, alisema, yanavunja watu miguu.

Majira yote ya joto Sidonie hakupata kitu. Mara ya kwanza ndoana ilinasa mkono wa koti lake, na ikabidi akate kitambaa. Mara ya pili mshipi ulijifunga mafundo hata akauweka mfukoni kama uzi wa kufumia akaenda kuufungulia nyumbani. Chelezo kilikaa juu mno, kisha chini mno. Mwani ulichomoka kila alipotupa, mpaka siku alipoacha kuuzungusha kama alivyofundishwa, akausuka kama anavyosukwa mtoto nywele, akaufunga ncha. Ukakaa. Alijifunza kuja wakati maji yanaanza kupanda, akajifunza kuchuchumaa ili kivuli chake kisifike majini. Mama Faustine, mke wa mchungaji, alimwuliza mbona haonekani tena kwenye maombi ya Jumatano, na Sidonie akamjibu kwamba siku hizi ana kazi. Haikuwa kweli, lakini wala hakuona kwamba ni uongo.

Mwanamke mmoja alikuja mwezi wa Agosti. Alikuwa Mhindi, mtu mzima kumpita Sidonie, amevaa koti la kijivu juu ya sari na raba nyeupe miguuni. Alisimama juu ukutani kwa muda mrefu akimtazama. Kisha akasema kwa Kiingereza, kwa adabu, kwamba angeomba asivue mahali hapa.

Sidonie alikuwa ameona chelezo kinatikisika, kwa mara ya kwanza siku ile. Hakugeuka. Akajisemea kwa sauti ya chini, "Huyu naye ametoka wapi?"

"Nimetoka Rayners Lane," yule mwanamke akajibu kwa Kiswahili. "Na zamani, Tabora."

Sidonie akageuka. Chelezo kikatulia.

Jina lake lilikuwa Indu. Alieleza akiwa amesimama pale pale, mikono imeshika chuma cha ukuta. Mumewe, Darshan, alifariki mwaka uliopita. Walimchoma kwa desturi yao, na majivu wakayamwaga hapa, kwenye mawe haya, kwa sababu shemeji yake aliishi karibu na alisema maji haya yanakwenda baharini. Darshan mwenyewe alikuwa mtu wa dawa, mwenye duka dogo la dawa Rayners Lane, na hakupenda maji hata kidogo. Hata pwani alikaa kwenye gari. Sasa Indu huja kumwona. Huvuka mji mzima, treni baada ya treni, kisha basi. Na leo anakuta mtu anatega ndoana juu yake. Wao hawali hata samaki, alisema. Hawajawahi.

Sidonie aliona aibu, kisha aibu ikageuka hasira, na hasira ilimshangaza mwenyewe kwa ukubwa wake.

"Mimi niko navua tu, mama," alisema. "Maji haya yanapanda na kushuka kila siku. Bwana yako hayuko hapa tena. Alikwisha kwenda siku ile ile."

Indu akaachia kile chuma, akafunga vizuri kifungo cha juu cha koti, akaondoka polepole kuelekea kituo cha basi. Sidonie akatupa mshipi tena, lakini hakuwa anaona chelezo.

Nyumbani hakuweza kula. Alijua ni kitu gani kilichomkasirisha, na hakikuwa samaki. Mwanamke yule alikuwa na mahali. Aliweza kupanda treni, akashuka, akasimama, akasema ni hapa. Sidonie hakuwa na jiwe, wala mti, wala kona ya njia. Wenzake kanisani waliposema wamekwenda kaburini kuweka maua, yeye alinyamaza. Na huyu aliyekuwa na mto mzima, Sidonie amemwambia kwamba hana kitu.

Jumatano iliyofuata alichukua vifaa vyake, akapita mawe yale, akaenda mbele zaidi, nyuma ya kona ya mto, mahali pabaya penye tope na mwani haba. Indu alikuja. Alimwona, akasimama kidogo, kisha akakaa kwenye benchi la kando ya njia kutazama mto. Hawakusalimiana. Wiki nyingine ikawa hivyo hivyo. Wiki iliyofuata Indu alikuja mpaka pale nyuma ya kona na chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko, akamkabidhi. Ilikuwa chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, tamu mno. Sidonie akasema asante, na kwamba alisema vibaya siku ile. Indu akasema amesikia.

Kuanzia hapo walikaa pamoja, ingawa si kwa mazungumzo mengi. Indu alisimulia kidogo habari za Tabora, vumbi lake na maembe yake, na jinsi Kiswahili kilivyobaki kwake kama nguo ya kabatini: Darshan ndiye aliyekuwa anaivaa naye, wakigombana ili watoto wasielewe. Sasa hakuna wa kugombana naye. Sidonie alisimulia habari za Norbert, na dawa, na baiskeli. Alikuwa hajazisimulia tangu afisa wa uhamiaji alipomhoji.

Indu alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa ukitaka kuzungumza naye," aliuliza, "unaenda wapi?"

"Siendi popote."

Indu akatikisa kichwa, wala hakutafuta neno la kumfariji, na Sidonie akamshukuru moyoni kwa hilo.

Mwezi wa Septemba, wakiwa pale kwenye tope, Indu alisema ghafla kwamba huku hakuna samaki. Amekuwa akitazama kutoka kwenye benchi lake wiki zote hizi, na samaki wote wako kule kwenye mawe ya Darshan. Sidonie akasema anajua. Indu akafunga chupa yake.

"Basi rudi kule," alisema. "Mimi nitakaa nimegeuza mgongo."

Na kweli, Jumatano iliyofuata alikaa juu ya ukuta ameupa mto mgongo, anatazama magorofa ya Thamesmead, huku Sidonie ameshuka kwenye mawe yale. Maji yalipanda polepole. Mikizi walikuja, wakachunga. Chelezo kilikwenda kando kidogo, kama kinachosukumwa kwa kidole, kisha kikazama. Sidonie akatulia. Akainua ufito kama mtu anayeinua kifuniko cha sufuria, na ufito ukapinda mpaka nusu.

Hakuwa amejua kwamba samaki ana nguvu kiasi hicho. Mshipi ulitoka kwa sauti, ukaenda katikati ya mto, akauacha uende, akaurudisha kidogo kidogo, ukaenda tena. Maji yalikuwa yamefika kwenye jiwe alilosimamia, na alipomleta samaki karibu ndipo alipokumbuka kwamba wavu wenye mpini ameuacha juu, ukutani. Asingeweza kuufuata. Mdomo laini, mzee alikuwa amesema.

"Mama Indu," aliita. "Wavu. Tafadhali."

Indu akageuka. Alimtazama Sidonie, akatazama maji, kisha akauchukua ule wavu, akainua sari yake kwa mkono mmoja, akashuka. Alishuka na raba zake kwenye mwani unaoteleza, jiwe baada ya jiwe, akaingia majini mpaka magotini. Sidonie akamwelekeza autie wavu chini na asiusogeze, naye akamvuta samaki juu yake. Indu akainua. Samaki alikuwa mzito, akamrushia maji usoni, lakini hakuachia mpini mpaka wote wawili walipokuwa wamekaa juu ya jiwe kavu, wanahema, na mkizi kati yao anafungua na kufumba mdomo.

Sidonie alikuwa akicheka. Kisha akamwona mwenzake. Indu alikuwa ametulia kabisa, anaangalia jicho la samaki, na midomo yake inasema maneno ya lugha nyingine. Sidonie akageuza samaki upande wa pili, akammaliza upesi kwa jiwe, jinsi alivyoona wavuvi wa Uvira wakifanya. Indu alipanda juu, akanawa mikono kwa chai iliyobaki kwenye chupa.

"Usiniite tena kwa kazi hiyo," alisema. Hakusema kwa ukali. Akaondoka kwenda basini, viatu vikitoa maji kila hatua.

Jioni ile Sidonie alimpigia Raïssa. Alimweleza kwa Kiswahili jinsi samaki alivyokwenda na kurudi, na Raïssa, kama kawaida yake, aliitikia kwa Kiingereza. Alisema amefurahi sana, mama, kisha akauliza kama samaki wa Thames ni salama kuliwa, kisha akasema kuna mtu anamngoja. Sidonie akamkaanga samaki, akamtengenezea nyanya na vitunguu, akasonga bugali, akakaa mezani. Nyama ilikuwa na ladha ya tope. Alikula nusu, taratibu, akitema miiba, kwa sababu alimtafuta kwa muda mrefu mno kumwacha.

Jumatano iliyofuata Indu hakuja. Wala iliyofuata. Upepo wa Oktoba ulianza kupiga na mikizi wakapungua, kwani huondoka maji yakipoa. Sidonie aliendelea kwenda mtoni, lakini sasa alijua kwamba hakuwa anakwenda kwa ajili ya samaki. Hakuwa na namba ya simu ya Indu. Hakujua jina la familia yake. Alijua Rayners Lane tu, na duka la dawa.

Kwa hiyo Jumatano moja, badala ya kushuka mtoni, alipanda treni. Alivuka mji mzima kama Indu alivyokuwa akivuka, akashangaa ni mbali kiasi gani kwa miguu ya mzee. Karibu na stesheni aliuliza kwenye duka la mboga, akauliza kwenye duka la nguo. Kwenye duka la dawa alimkuta mwanamke aitwaye Usha, aliyefanya kazi na Darshan zamani, na huyo alimtazama sana kabla ya kumwelekeza nyumba.

Aliyefungua mlango alikuwa Varsha, mke wa mtoto wa Indu. Sidonie alipotaja mto, uso wake ulibadilika. Alisema kwa Kiingereza kwamba wao siku zote walidhani mama anakwenda hekaluni. Siku ile alirudi ameloa maji, ananuka samaki, hataki kusema alikuwa wapi, na usiku wake akashikwa na homa ya mapafu. Alilazwa hospitali. Sasa yuko nyumbani, lakini hatatoka peke yake tena. Sidonie alisimama kizingitini na mfuko wake wa machungwa, akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyemwita majini. Varsha akaupokea ule mfuko, akamkaribisha ndani.

Indu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amepungua. Alipomwona Sidonie hakushangaa; aliuliza tu kama yule samaki alikuwa mtamu.

"Alikuwa na tope," Sidonie akasema.

Indu akacheka mpaka akakohoa, na Varsha, ambaye hakuelewa neno, akaja na maji. Alibaki amesimama pale na glasi mkononi, akiwaangalia wote wawili. Walizungumza muda mfupi. Indu alisema wanauza nyumba, wanahamia Leicester wote pamoja kabla ya Krismasi, na huko hakuna mawe ya Darshan. Kisha akamwuliza Sidonie, kwa kuwa yeye yuko karibu na mto, kama anaweza kumpelekea Darshan salamu mara moja moja. Sidonie akasema yeye hajui azungumze nini na mtu asiyemjua. Indu akasema amwambie habari za hali ya hewa. Alipenda sana kulalamika juu ya hali ya hewa.

Wakahama. Kwa muda walipigiana simu Jumapili, kisha Indu akaanza kusikia vibaya, na simu zikawa fupi, mara nyingine ni kupumua tu na kuitana majina. Sidonie akaendelea na Jumatano zake. Alikuwa mvuvi mzuri sasa. Alipata mikizi kadhaa kila majira ya joto, na wengi akawarudisha majini. Alimweleza Darshan habari za mvua, akitazama kwanza kwamba hakuna anayepita.

Mwaka 2007, mwezi wa Mei, simu ililia, akawa Varsha. Alisema mama amefariki usingizini, na kwamba aliacha neno apelekwe alikopelekwa baba. Lakini yule shemeji ya mama aliyekaa karibu na pale naye alikwisha kufa, na mume wake hakumbuki ni mawe yapi. Siku ya kumwaga majivu ya baba, mumewe alikuwa akilia. Varsha aliuliza kama Sidonie anapajua.

Walikuja watu wachache kwa gari mbili. Sidonie aliwangoja njiani, amevaa viatu vyake vyenye vyuma. Mtoto wa Indu alielekea sehemu moja, karibu na ngazi, na Sidonie akamwambia hapana, ni hapa mbele. Akashuka naye, akimwonyesha jiwe la kukanyaga na lile la kuliacha, na alipoteleza akamshika kiwiko. Maji yalikuwa yanaanza kupanda. Mtoto wa Indu akamwaga majivu, na Varsha akatupa maua kutoka juu. Hakuna aliyezungumza Kiswahili, kwa hiyo Sidonie naye hakusema kitu.

Baadaye walimwalika chakula kwa jamaa zao, akawaambia ana shifti, na ilikuwa kweli. Varsha akamshika mikono yote miwili, akampa kisanduku cha peremende za maziwa. Magari yakaondoka. Sidonie akapanda basi hadi kazini na viatu vilivyoloa, akavaa sare yake, akaingia chumba cha kwanza. Mama mzee wa Kizungu aliyekuwamo alimwuliza kwa nini amechelewa kidogo leo. Sidonie akamwambia alikuwa mtoni na rafiki. Kisha akafungua kisanduku, wakala peremende mbili kila mmoja, na akaanza kumvua soksi ili amwogeshe.